Marekani na miaka 21: sheria haisemi unavyodhani

Wengi huamini sheria ya Marekani inamkataza kila aliye chini ya miaka 21 kugusa pombe. Si kweli. Sheria ya taifa ya mwaka 1984 haikumlenga mnywaji, ililenga majimbo: jimbo likiruhusu walio chini ya umri huo kununua pombe au kuwa nayo hadharani, linakatwa fedha za barabara kuu. South Dakota, iliyowaruhusu wa miaka 19 kununua bia hafifu, ilipinga hadi Mahakama ya Juu, ikashindwa mwaka 1987.

Kunywa kwenyewe kuliachiwa majimbo, na hapo ndipo watu hukosea zaidi. Wisconsin, mzazi anaweza kukaa baa na mwanawe na kumruhusu anywe bia. Ni halali, ingawa mwenye baa ana haki ya kukataa.