Tahasusi: masomo matatu yanayoamua utasomea nini chuo kikuu

Tahasusi, au kombi kama wanafunzi wanavyoiita, ni kundi la masomo matatu ambayo mwanafunzi wa Tanzania huyasoma kidato cha tano na cha sita. Jina lake hutokana na herufi za mwanzo za masomo hayo kwa Kiingereza. PCM ni Fizikia, Kemia na Hisabati ya Juu. Kwenye PCB, Baiolojia inachukua nafasi ya Hisabati. CBG ni Kemia, Baiolojia na Jiografia, na PGM ni Fizikia, Jiografia na Hisabati. Mwaka 2024 Serikali iliongeza tahasusi mpya 49, zikafika 65, kwa hiyo ushauri wa kaka aliyemaliza zamani hautoshi tena.

Wengi huchagua kombi kwa kuangalia somo walilofaulu vizuri kidato cha nne. Hilo ni jambo la maana, lakini ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuanzia mwisho: ile kozi unayoitaka inadai masomo gani, na kwa ufaulu gani?

Hapo ndipo penye mtego unaowaumiza watoto wenye akili kabisa. Matokeo ya kidato cha sita yanasomwa kwa namna mbili. Kwenye divisheni, yaani daraja la matokeo kwa jumla, A ni pointi 1, B ni 2, na kuendelea hadi E yenye 5, S yenye 6 na F yenye 7. Jumla ya masomo matatu ikiwa kati ya 3 na 9, umepata divisheni wani, ya juu kabisa. Chuo kikuu kinaangalia kitu kingine: prinsipo, yaani ufaulu wa A hadi E. S si prinsipo. Sifa ya jumla ya kujiunga na shahada ni prinsipo mbili zenye pointi zisizopungua 4, na huku hesabu inageuka: A ni 5, E ni 1.

Chukua mwanafunzi wa PCB mwenye A ya Kemia, A ya Baiolojia na S ya Fizikia. Divisheni yake ni 1 + 1 + 6, jumla 8. Ni wani, na nyumbani watasherehekea. Kwa prinsipo ana pointi 10, mbali sana juu ya 4. Lakini akiomba udaktari wa binadamu hapati, kwa sababu kozi hiyo inadai prinsipo katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu. Mwenye D tatu za masomo hayohayo, divisheni yake ni ya chini zaidi, lakini sharti hilo analitimiza. Kupata nafasi kwenye ushindani ni suala jingine.

Uhandisi nao unasimama juu ya Fizikia na Hisabati ya Juu. Mwanafunzi wa PCB husoma pia BAM (Basic Applied Mathematics, hisabati tumizi ya msingi), na wengine hudhani hiyo inatosha. Haitoshi. BAM ni somo la nyongeza, halihesabiwi kama Hisabati ya Juu. Wa PGM anaweza kuingia uhandisi ujenzi, ila Kemia yake ya kidato cha nne inaweza kuulizwa. Na CBG, ambayo shuleni hudharauliwa bila sababu, ni njia nzuri kabisa ya kwenda kwenye kilimo au misitu pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro.

Kwa kweli uamuzi mkubwa umekuwa ukifanyika mapema kuliko wazazi wanavyofikiri: kidato cha tatu, pale ambapo kwa miaka mingi wanafunzi wameruhusiwa kuacha Fizikia na Kemia. Aliyeacha Fizikia hapo hana PCM, PCB wala PGM. Hata njia ya stashahada haimwokoi sana, maana stashahada ya utabibu nayo inataka ufaulu wa Kemia, Baiolojia na Fizikia kidato cha nne.

Masharti ya kila kozi, chuo kwa chuo, yamo kwenye mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), unaotolewa kila mwaka bure. Mwanafunzi wa kidato cha pili aufungue, atafute kozi tatu anazozipenda, na aandike masomo yanayojirudia katika zote tatu. Hayo asiyaache.