Imieniny siyo besdei ya pili

Juzi tena nimemsikia mtu anasema Wapolandi wana bahati, besdei mbili kwa mwaka. Hapana jamani. Imieniny ni siku ya jina lako. Kalenda ya Poland kila tarehe imeandikiwa majina, likifika lako ndo siku yako, basi. Józef ni 19 Machi, Anna 26 Julai, Barbara 4 Desemba. Majina kama Maria na Jan yana tarehe kibao, hapo mtu anachagua moja, wengi wanachukua ile inayofuata karibu baada ya siku waliyozaliwa.

Sasa angalia neno lenyewe. Imię ni jina, ndo ikatoka imieniny. Besdei wao wanaiita urodziny, inatokana na kuzaliwa. Huo mkia wa -iny au -yny unaukuta kwenye shughuli zao nyingine pia, chrzciny ni sherehe ya ubatizo, zaręczyny ni uchumba (ndani yake kuna ręka, yaani mkono), na yote yako kwenye wingi tu, huwezi kusema imieniny moja, kama sisi tu tunavyosema mazishi na matanga na hakuna anayeuliza tanga moja ni lipi.

Halafu kinachoniudhi zaidi ni hii ya kumwita mwenye siku jubilat. Jubilat ni wa besdei au wa jubilei, yule wa miaka kuhesabiwa. Mwenye imieniny ni solenizant, neno la Kilatini hilo, mzizi wake ni sherehe ya heshima, hapo miaka haihesabiwi. Na ndo maana watu wazima wengi waliipenda zaidi, shangazi wa miaka sitini anakata keki na hakuna wa kumhesabia mishumaa. Nakubali hata Wapolandi wenyewe wanayachanganya haya maneno, na wimbo nao hausaidii maana siku zote mbili wanaimba uleule, Sto lat, miaka mia. Pia siyo Poland nzima, Silesia kule kusini na kwa Wakashubi, watu wa kaskazini, toka zamani besdei ndo ilikuwa kubwa.

Ajabu ni kwamba sisi neno tunalo. Mkatoliki wa huku anajua sikukuu ya somo, siku ya mtakatifu uliyebatizwa kwa jina lake, paroko anapewa hongera na kwaya inamwimbia. Imieniny imetokea hukohuko, tofauti ni kwamba kule imetoka kanisani ikaingia maofisini, hata asiyesali anasherehekea, na mwenye siku ndo anawaletea wenzake keki kazini, siyo wao wamchangie.

Kwa hiyo Katarzyna akija na keki 25 Novemba usimuulize anatimiza mingapi. Mwambie heri ya somo, chukua kipande chako.