Hatua ya makundi kwenye mpira wa kikapu: dhana za mashabiki na ukweli wenyewe

Mashabiki wengi wa timu za taifa za mpira wa kikapu wamelelewa na soka. Wanajua ushindi una alama tatu, sare moja, na aliyefungwa anaondoka mikono mitupu. Mechi za makundi za Olimpiki au Kombe la Dunia zikianza, wanausoma msimamo kwa macho hayo hayo, na hapo ndipo ubishi unapozuka. Hawa wamefungwa, mbona wana alama? Wale wameshinda sawa na wenzao, mbona wameachwa? Hatua ya makundi ndiyo sehemu ya mashindano ninayoipenda kuliko zote, na huwa inaniuma kuona mtu anazima televisheni dakika tano kabla ya mwisho kwa kudhani kazi imekwisha.

"Ukifungwa huambulii kitu"

Unaambulia alama 1. Katika mashindano ya FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu la dunia, mshindi anapata alama 2 na aliyefungwa anapata 1. Sare haipo kabisa: zikitoka sawa baada ya dakika 40, zinaongezwa dakika 5, na zikibaki sawa zinaongezwa 5 nyingine, mpaka mmoja aanguke. Alama sifuri anapewa anayekataa kucheza au asiyefika uwanjani, na matokeo yake yanaandikwa 20–0. Kwa hiyo kwenye kundi la timu nne, alama 6 maana yake umeshinda zote tatu, 5 umeshinda mbili, 4 umeshinda moja, na 3 hujashinda hata moja.

Mtego uko katikati ya hatua, kabla wote hawajacheza idadi sawa ya mechi. Timu iliyocheza mara tatu na kushinda mara moja ina alama 4. Iliyocheza mara mbili na kushinda zote nayo ina alama 4. Ukiangalia safu ya alama peke yake utadhani ziko bega kwa bega, wakati ya kwanza iko mlangoni kutoka na ya pili imeshafuzu au inakaribia. Tazama kwanza safu ya ushindi na vipigo.

"Mshindi ameshajulikana, vikapu vya mwisho havina maana"

Hii ndiyo dhana inayowagharimu mashabiki kuliko zote, na Olimpiki ya Paris 2024 inatosha kuizika. Mechi za makundi zilichezwa Lille. Timu zilikuwa 12, makundi matatu ya timu nne nne. Wawili wa juu wa kila kundi walipita, na pamoja nao washindi wa tatu wawili waliofanya vizuri zaidi.

Kundi A la wanaume lilikuwa na Kanada, Australia, Ugiriki na Uhispania. Kanada ilishinda zote. Watatu waliobaki wakalizana wenyewe kwa wenyewe: Australia ikaifunga Uhispania 92–80, Uhispania ikaifunga Ugiriki 84–77, Ugiriki ikaifunga Australia 77–71. Kila mmoja ushindi mmoja na vipigo viwili. Hapo FIBA inafanya hesabu ya mechi walizocheza hao watatu tu. Australia ilishinda kwa 12 ikafungwa kwa 6, ikabaki na +6. Ugiriki ilishinda kwa 6 ikafungwa kwa 7, ikabaki na -1. Uhispania ilishinda kwa 7 ikafungwa kwa 12, ikabaki na -5. Ikawa ya mwisho, ikarudi nyumbani.

Irudie ile mechi ya kwanza kabisa, Australia na Uhispania. Uhispania ingefungwa kwa pointi 7 badala ya 12, ingefikia 0, ikawa juu ya Ugiriki, na tofauti yake ya jumla ingetosha kuipeleka robo fainali. Pointi tano: vikapu viwili na mtupo huru mmoja, kwenye mechi ambayo ingeipoteza vilevile. Nani aliyekuwa akitazama siku ile ya kwanza alijua kwamba dakika za mwisho za mechi iliyokwisha kuponyoka ndizo zilizokuwa zikiamua nani abaki Ufaransa?

Kisha kuna Sudan Kusini. Ilikuwa Olimpiki yao ya kwanza. Waliifunga Puerto Rico 90–79, baada ya kupigiwa kwanza wimbo wa taifa wa Sudan kwa makosa, jambo lililowaumiza wengi. Wakafungwa na Marekani 103–86, wakafungwa na Serbia 96–85. Walimaliza wa tatu katika kundi lao kwa ushindi mmoja, sawa na Ugiriki na Brazili, ambazo nazo zilimaliza za tatu kwenye makundi yao. Hapo ikaangaliwa tofauti ya pointi za kufunga na kufungwa kwenye mechi zote: Brazili -7, Ugiriki -8, Sudan Kusini -17. Kama kipigo cha Serbia kingekuwa cha pointi 1 badala ya 11, Sudan Kusini wangekuwa na -7 na Ugiriki ndiyo ingefungasha virago. Nilisikia watu wakisema wametolewa kwa kufungwa na Marekani na Serbia. Si kufungwa tu, ni kiasi walichofungwa.

Ndiyo maana kocha ambaye timu yake iko nyuma kwa pointi 15 bado anaomba mapumziko mafupi na kuchora mchezo. Ndiyo maana pia anayeongoza kwa 20 anaendelea kurusha mitupo ya pointi tatu. Wapo wanaoona hiyo ni dharau kwa mpinzani. Kwenye ligi ya kawaida labda. Kwenye makundi kila kikapu kinaingia kwenye daftari, na hakuna kikomo cha tofauti unayoruhusiwa kuipata. Mchezaji anayeudunda mpira sekunde ishirini za mwisho kwa heshima ya mpinzani aliyeshindwa anaweza kuwa anaitoa timu yake.

Hesabu hizi zina nguvu kiasi kwamba sheria imebidi iweke ukuta. Timu inayohitaji kushinda kwa pointi nyingi na inaongoza kwa chache inaweza kushawishika kujifunga ili mechi iende kwenye dakika za nyongeza, ipate muda zaidi. FIBA imeziba mwanya huo: kujifunga kwa makusudi ni kosa, na kikapu hicho hakihesabiwi.

"Tumempiga mnyonge kwa pointi nyingi, tuko salama"

Inategemea. Timu zikilingana kwa alama ndani ya kundi moja, kinachotazamwa kwanza ni mechi zao wenyewe kwa wenyewe: nani alimfunga nani, kisha tofauti ya pointi katika mechi hizo, kisha pointi zilizofungwa humo. Tofauti ya mechi zote inakuja baadaye, kama bado hawajatenganishwa. Wakiwa wawili tu ni rahisi: aliyemfunga mwenzake yuko juu, basi. Unaweza kuwa umeichapa timu ya mwisho kwa 40 na ukakaa chini ya yule aliyekufunga kwa 1.

Wanawake wa Nigeria walipitia hapo hapo Paris. Waliifunga Australia 75–62, wakafungwa na Ufaransa 75–54, wakaifunga Kanada 79–70. Australia nayo ilikuwa imeifunga Ufaransa 79–72. Timu tatu, kila moja na ushindi wa mechi mbili, na Kanada chini bila kitu. Mechi za Kanada zikawekwa pembeni, hesabu ikabaki ya watatu: Ufaransa +14, Australia -6, Nigeria -8. Nigeria ikawa ya tatu ingawa ilimfunga wa pili kwa pointi 13. Kwa kuwa nafasi mbili za washindi wa tatu zilikuwepo, na wao walikuwa na ushindi wa mechi mbili, walipita. Ikawa mara ya kwanza kwa timu ya Afrika, ya wanawake au ya wanaume, kucheza robo fainali ya mpira wa kikapu ya Olimpiki. Bado nafurahi nikiandika sentensi hiyo.

"Aliyetawala kundi ndiye bingwa"

Athens 2004. Uhispania ilimaliza kundi lake bila kupoteza, mechi tano kwa tano. Kundi lile lile, Ajentina ilifungwa na Uhispania na Italia, ikaishia ya tatu. Robo fainali Uhispania ikakutana na Marekani, timu iliyokuwa imechapwa 92–73 na Puerto Rico siku za mwanzo, ikafungwa 102–94. Ikamaliza ya saba. Ajentina ikaifunga Marekani 89–81 kwenye nusu fainali na kuchukua dhahabu kwa kuifunga Italia, mmoja wa wale wale waliokuwa wameifunga kwenye kundi.

Wala usipime mechi ya marudiano kwa ile ya kundi. Paris 2024 Marekani iliifunga Serbia 110–84 kwenye makundi. Zilipokutana tena nusu fainali, Serbia iliongoza hadi kwa pointi 17, na Marekani ikaponea 95–91.

Na kwenye Olimpiki, mashabiki wanaochora njia ya timu yao hadi fainali siku ya kwanza wanapoteza wino. Baada ya makundi timu nane zinapangwa kwa ubora wa matokeo, kisha droo nyingine inachezeshwa kuamua nani akutane na nani robo fainali.

"Nafasi ya tatu Kombe la Dunia ni kuaga"

Tangu 2019 Kombe la Dunia la wanaume lina timu 32 katika makundi manane. Wawili wa juu wanaendelea na hatua ya pili, na kweli, wawili wa chini hawawezi tena kuwa mabingwa. Lakini hawaondoki. Wanacheza mechi za kupanga nafasi ya 17 hadi 32, na mwaka 2023 mechi hizo ndizo zilizobeba tiketi za Olimpiki, kwa kuwa timu bora ya Afrika na timu bora ya Asia zilifuzu moja kwa moja.

Japani ilimaliza ya tatu kwenye kundi lake, ikazifunga Venezuela na Cape Verde kwenye mechi hizo "zisizo na maana", na mashabiki wake wakashangilia Okinawa kama waliotwaa kombe. Sudan Kusini, wakiwa Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, waliifunga China 89–69 kwenye kundi, kisha wakaifunga Ufilipino mbele ya mashabiki wake, wakamalizia na Angola 101–78. Walimaliza wa 17. Nafasi hiyo ya 17 ndiyo iliyowapeleka Paris.

Wanaoendelea hatua ya pili nao wana dhana yao, kwamba sasa kila kitu kinaanza upya. Hakianzi. Matokeo yote ya hatua ya kwanza yanabebwa, hata ya mechi dhidi ya timu zilizokwisha kuondoka kwenye mbio za ubingwa. Aliyeingia na kipigo kimoja anaanza hatua ya pili akiwa tayari nyuma.

"Refa ameiba, ule mpira ulikuwa umeshafika kwenye chuma"

Kelele hizi huzisikia sana kwa wanaotazama NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, mwaka mzima. Kwenye sheria za FIBA, mtupo wa kawaida ukishagusa chuma, mchezaji yeyote anaruhusiwa kuupiga mpira nje au kuusukumia ndani. NBA hairuhusu hivyo. Ukitazama kwa makini utaona mabeki warefu wa timu za taifa wakisubiri nukta ile ile mpira unapogonga chuma, kisha mkono unapanda na kuufagia. Ni ulinzi halali, na timu zilizouzoea zinaufanyia mazoezi. Mambo mengine ya kukumbuka: robo ni ya dakika 10, si 12, na faulo ya tano ndiyo inayokutoa, si ya sita. Nyota akipata faulo mbili mapema, kocha ana haki ya kuhangaika.

"Mechi ile ya uchungu ndiyo iliyotutoa"

Shanghai, Septemba 2019, Kombe la Dunia, Uturuki na Marekani kwenye kundi, dakika za nyongeza. Uturuki inaongoza 92–91 sekunde chache kabla ya mwisho na inapewa mitupo huru minne, miwili kwa wachezaji wawili tofauti. Yote minne inakosa. Marekani inapata mitupo miwili, inaingia yote, 93–92. Mashabiki wa Uturuki wanaikumbuka mitupo ile minne mpaka leo, na wengi husimulia kana kwamba safari iliishia pale. Haikuishia pale. Ilibaki mechi ya mwisho dhidi ya Jamhuri ya Czech, na aliyeshinda alikuwa anapita, hata angeingia na kipigo cha Marekani mgongoni. Uturuki ikafungwa 91–76.