Mpiga debe wa BGP: dhana potofu kuhusu kutangaza njia

Kijana mmoja anayesimamia mtandao wa taasisi fulani hapa Dodoma alinipigia simu asubuhi. "Kaka, shikamoo. Ile laini mpya ya fiba haifanyi kazi."

Laini ilikuwa nzima. Taasisi ilikuwa imenunua laini ya pili kwa mtoa huduma mwingine kwa sababu ya kwanza ilijaa kila ikifika saa nne. Kijana alikuwa na namba yake ya AS (namba inayotambulisha mtandao kwenye intaneti), ana kitalu cha /22, yaani anwani 1,024 (namba baada ya mkwaju ikikua, kitalu kinapungua), kutoka AFRINIC, shirika linalogawa anwani za intaneti Afrika, na BGP, lugha ambayo ruta za mitandao hutumia kuambiana njia, imesimama pande zote mbili. Akapandisha LOCAL_PREF (alama ya kipaumbele ambayo ruta hutumia kuchagua njia) ya laini mpya, akasubiri. Data za kupakua zikabaki kule kule kwenye laini ya zamani, imejaa pomoni. Laini mpya ikabeba barua pepe zinazotoka na vitu vidogo vidogo.

Hii ndiyo dhana ninayokutana nayo kuliko zote: kwamba ukitangaza njia, unapeleka data kwenye njia hiyo. Mambo yako kinyumenyume. Nenda stendi ya Nzuguni umsikilize mpiga debe anayeita "Manyoni, Singida!" Hampeleki mtu popote. Anaita abiria waje kwenye basi lake. Ruta yako nayo ikimwambia jirani "anwani hizi ziko kwangu", inawaita wote wenye data za anwani hizo wazilete. Data zinazotoka kwako hufuata matangazo ya wengine uliyoyapokea, na hapo ndipo LOCAL_PREF yako ina kauli. Kijana alikuwa amepanga vizuri kabisa upande wa kutoka, na kwa ofisi ambayo watu kutwa wanapakua mafaili na kutazama video, upande huo hauna uzito. Kwa zinazoingia huna amri, una ushawishi tu: unatangaza nini, kwa nani, na kwa sura gani.

"Basi nirefushe njia kwenye laini ya zamani," akasema, na akarudia namba yake ya AS mara tatu kwenye tangazo ili laini hiyo ionekane mbali. Hapo kuna dhana ya pili, kwamba njia fupi ndiyo inayoshinda. Mara nyingine hushinda. Lakini ruta ya upande wa pili, kabla ya kuhesabu urefu wa AS_PATH (orodha ya namba za AS ambazo tangazo limepitia), huangalia LOCAL_PREF iliyowekwa na mwenye ruta, na mtoa huduma kwa kawaida humpa mteja wake kipaumbele kuliko njia anazosikia kwa wenzake, kwa sababu mteja ndiye anayelipa. Urudie mara tatu au mara kumi, mtoa huduma wa zamani ataendelea kukuletea data kwa waya wake mwenyewe.

Na kabla ya hayo yote kuna sheria isiyo na mjadala: kitalu kidogo hushinda kikubwa. Abiria wa Itigi akisikia "Tabora!" anajua basi hilo litapita kwao, lakini akisikia mwingine anaita "Itigi!" ataenda huko bila kuuliza umbali. Tarehe 24 Februari 2008 Pakistan Telecom ilitaka kuzuia YouTube ndani ya nchi yake, ikatangaza 208.65.153.0/24. YouTube yenyewe ilikuwa inatangaza 208.65.152.0/22. Tangazo la Pakistan likavuja hadi kwa mtoa huduma wake, PCCW ya Hong Kong, ambaye hakulikagua, na kwa takribani saa mbili sehemu kubwa ya dunia ikawa inapeleka watazamaji wa YouTube Pakistan. Hakuna aliyevunja kufuli lolote. Mtu aliita "Itigi", abiria wakapanda.

Sheria hiyo hiyo inaweza kutumika kwa halali juu ya anwani zako mwenyewe. Tukakubaliana: /22 itangazwe laini zote mbili kama akiba, na /24 mbili kati ya nne zilizomo ndani yake zitangazwe laini mpya tu. Usiende chini ya /24, maana mitandao mingi hutupa tangazo la IPv4 lililo dogo kuliko hapo.

Kijana akaandika amri ya network kwa kila /24. Kimya. Majirani hawakusikia kitu. Wengi waliojifunza kwanza OSPF, lugha ya njia za ndani ya mtandao mmoja, wanadhani amri hiyo katika BGP huchagua waya wa ruta utakaoanza kuzungumza. Neno ni moja, kazi ni nyingine. Kwenye ruta za Cisco, BGP hutazama jedwali la njia: kama kitalu hicho kimo, chenye urefu (namba ya baada ya mkwaju) ule ule hasa, kitatangazwa, kama hakimo, haisemi neno. Yeye jedwalini alikuwa na /26 za idara na ile /22, hakuna /24 hata moja. Dawa ni njia ya kuandika kwa mkono inayoelekea Null0, yaani shimo la kutupia data, kwa kila /24. Watu huiogopa kwa kuona kwamba data zitatupwa shimoni, lakini /26 za ndani ni ndogo zaidi, kwa hiyo data za idara zitafuata hizo. Zitakazotupwa ni za anwani ambazo hazina mwenyewe. (MikroTik, aina nyingine ya ruta, yenye RouterOS toleo la 6, ina kitufe cha synchronize: ukikizima inatangaza hata kama njia haimo jedwalini. Ndiyo maana mtu aliyehama kutoka MikroTik kwenda Cisco huapa kwamba ruta mpya imeharibika.)

Wapo wanaokwepa usumbufu huo kwa amri ya redistribute, wakiamini ni namna ya haraka ya kufanya kazi ile ile. Ni ya haraka kweli. Inamwaga ndani ya BGP kila kilichomo kwenye OSPF au njia za mkono, zikiwemo zile ulizoweka za majaribio ukazisahau. Bila orodha ya vitalu vinavyoruhusiwa, mimi siigusi. Tarehe 25 Aprili 1997 mtandao wa Marekani wenye namba AS 7007 ulitangaza njia za watu wengine zikiwa zimekatwakatwa kuwa /24 kana kwamba zote ni zake, na sehemu kubwa ya intaneti ikayumba.

Mwenye laini mbili ana hatari nyingine, na wengi huidharau kwa kusema "mimi ni mteja mdogo, siwezi kuumiza mtu". Ruta za zamani, usipoziandikia sera, humtangazia jirani wa pili kila njia nzuri ziliyojifunza kwa wa kwanza. Ghafla ofisi ya Dodoma inajitolea kuwa daraja kati ya watoa huduma wawili. RFC 8212, kanuni ya intaneti ya mwaka 2017, inataka ruta inyamaze mpaka iandikiwe sera, ila ruta nyingi zilizo kwenye makabati zimezaliwa kabla ya hapo. Tarehe 24 Juni 2019 kampuni moja ya vyuma huko Pennsylvania ilipitisha njia za mtoa huduma wake mmoja kwa mwingine, Verizon, Verizon ikazipokea, na tovuti nyingi zilizo nyuma ya Cloudflare, kampuni inayohudumia tovuti za wengine, zikashindwa kufikika. Mteja tu.

Turudi kwa kijana. /24 zikatoka, majirani wakazisikia, na bado mzigo ukasogea kidogo tu. Tukaangalia kutoka nje, kwenye kurasa zinazoonyesha jedwali la njia la mitandao ya mbali, tukakuta baadhi wana /22 peke yake. ROA (cheti kinachosema ni AS gani inaruhusiwa kutangaza kitalu fulani) iliyosajiliwa AFRINIC ilisema: AS hii, kitalu hiki, urefu mwisho /22. Mitandao inayokagua RPKI, mfumo wa vyeti hivyo, iliziona /24 zetu kuwa batili ikazitupa. Kwa sababu /22 ilikuwa bado hewani, hakuna kilichozimika. Data ziliendelea kuja kwa laini ya zamani kwa wale wote wanaokagua. Tukaongeza ROA mbili za hizo /24, basi. Kuongeza urefu wa mwisho hadi 24 kwa kitalu kizima kungefungua mlango hata kwa zile /24 mbili tusizozitangaza.

Mchana laini mpya ikaanza kupanda kwenye grafu. Kijana akauliza swali zuri: "Kaka, sasa mtu akitangaza /24 yetu, lakini mwishoni mwa njia akaandika namba yetu ya AS, ROA itamkamata?"

Haitamkamata. ROA inaonyesha ni AS gani inaruhusiwa kutangaza kitalu, haikagui njia ambayo tangazo limepita.