Ukoga wa meno ni nini hasa?

Pitisha ukucha kwenye jino, pale linapokutana na ufizi, kabla hujapiga mswaki. Kile kinachonata ukuchani ndicho ukoga. Wengi hudhani ni mabaki ya chakula, lakini mabaki hutoka kwa kusukutua tu. Ukoga hautoki kwa maji, kwa sababu ni tabaka la bakteria hai walioganda kwenye jino. Ukiusugua, baada ya saa chache wameshaanza kujijenga tena. Ukiuacha siku kadhaa hushika madini ya mate ukawa mgumu, na hapo mpaka daktari wa meno aukwangue.

Bakteria hao hula sukari, wakatoa tindikali inayomomonyoa jino. Mtazame mtoto anayetoka chuo cha Kurani Mji Mkongwe au Chake Chake na pakiti yake ya ubuyu. Ubuyu wetu umepakwa sukari, na hautafunwi ukaisha. Hufyonzwa kokwa moja baada ya nyingine. Mate huhitaji kama nusu saa, pengine saa nzima, kuituliza tindikali. Anayefyonza tangu alasiri mpaka magharibi hayapi nafasi hiyo. Heri ale wote kwa mara moja, baada ya chakula.

Kinachonisikitisha ni mswaki wa usiku. Asubuhi mtoto hahimizwi mara mbili, maana anakwenda skuli. Usiku anakunywa chai ya maziwa na andazi, analala. Na usingizini ndipo mate yanapopungua, ukoga ukabaki na sukari yake hadi alfajiri.

Basi apige asubuhi na kabla ya kulala, dakika 2, kwa dawa yenye floridi: kiasi cha punje ya mchele kabla hajafika miaka 3, kisha kiasi cha mbaazi. Ateme povu bila kusukutua. Mpaka miaka 7 hivi, mzazi amsaidie, hasa magego ya nyuma. Karibu na miaka 6 huota gego jipya bila jino lolote kung'oka, na wazazi wengi hulidhania la utoto. Hilo ni la maisha.

Vijana wakiona damu kwenye ufizi huacha kusugua pale. Mara nyingi damu hiyo inatokana na ukoga wenyewe. Sugua polepole, kila siku, hata kwa mswaki wa mti uliotafunwa vizuri ukachanuka. Wiki 2 zikipita na damu bado inatoka, nenda kwa daktari wa meno.