Koo Moja, Taarifa ya Habari na Bendi

Watu wa hapa Mwanza huniuliza napata wapi muda wa kusoma habari runingani na bado niimbe na bendi. Muda hupangwa, ukapatikana. Kazi kubwa iko kwenye pumzi.

Msomaji wa habari huvuta hewa sentensi inapoishia. Mwimbaji huvuta pale mapigo yanapomruhusu, hata kama neno linamtaka aendelee. Mwaka wangu wa kwanza jukwaani nilikuwa navuta hewa kila penye koma, kama vile telepromta, ile skrini ya maneno ya kusoma, iko mbele yangu. Mpiga besi wetu akaniambia, "Dada, hapo unatusomea." Alikuwa sahihi. Ilinichukua miezi kuachana na tabia hiyo.

Halafu kuna nyuzi za sauti zenyewe. Mwanamke akizungumza kawaida, nyuzi zake hutetemeka takriban mara 200 kwa sekunde. Ile noti ya kutunia vyombo, ambayo nikiimba naifikia, ni mara 440. Kwa hiyo usiku mmoja nazitoa kwenye mwendo wa mazungumzo na kuzipandisha zaidi ya maradufu, na zikipandishwa ghafla zinaumia. Dawa yangu ni mrija na glasi ya maji nusu. Nazamisha mrija vidole viwili, naguna "uuu" mpaka mapovu yatoke, napanda na kushuka taratibu kwa dakika kumi. Maji yanaisukuma hewa nyuma kidogo, na ukinzani huo unazisaidia nyuzi kukutana bila kugongana kwa nguvu. Sauti ikikauka sinong'oni, maana kunong'ona nako kunaweza kuzikaza. Nanyamaza kabisa.

Matamshi nayo yana mambo yake. Sisi tuliokulia kwenye Kisukuma, r inatuponyoka ikawa l, na studioni "habali" haikubaliki. Nilifanya mazoezi ya r mpaka ulimi ukachoka. Ila nikiimba Kisukuma, l ile ninayoizuia saa mbili usiku inarudi nyumbani kwake. Na Kisukuma ni lugha ya toni: ukipandisha sauti pasipostahili, wazee wanasikia kosa papo hapo. Kwa hiyo maneno nayatunga kwanza, melodia inafuata.

Jambo moja sina mjadala nalo: siimbi nyimbo za kampeni. Nimeshaletewa pesa nzuri nikakataa. Nitamsifu mgombea jukwaani mchana, usiku nisome habari zake, mtazamaji aniamini vipi? Habari za bendi yetu pia, zikiwepo, anaandika na kusoma mwenzangu.

Jumamosi ndiyo siku ngumu. Taarifa ya saa mbili ikiisha, natoka studio kuelekea Kirumba, tunapoanza kupiga saa nne. Njia nzima sisemi neno. Dereva wangu wa bajaji ameshazoea: anapunguza redio, na tukifika ananionyesha nauli kwa vidole.