Gofu ya hisani na mfuko wa wabeba mikoba: yanayosemwa na ukweli wake

Mashindano ya gofu ya kuchangisha fedha yameenea kote Marekani, na hapa kwetu Nairobi na Dar es Salaam pia yameshika kasi. Pamoja nayo zimeenea hadithi nyingi: fedha zinatoka wapi, zinamfikia nani, na nani alianza. Tutazipitia tukitumia mfano mmoja ambao historia yake inajulikana vizuri: mfuko wa Evans Scholars wa Chicago, unaowasomesha chuo kikuu vijana wanaobeba mikoba ya wachezaji wa gofu, na unaosimamiwa na Western Golf Association. Chama hicho kiliundwa mwaka 1899 na klabu 11 za eneo la Chicago.

Dhana: "Mfuko huu ulianzishwa na tajiri aliyekuwa na fedha za ziada"

Charles Evans, ambaye watu wote walimwita Chick, alizaliwa Indianapolis mwaka 1890 na kukulia Chicago. Gofu aliijua kwanza kwa bega. Tangu utotoni alibeba mikoba ya wachezaji katika klabu ya Edgewater, kazi ambayo wenye klabu huiita kazi ya kedi. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Northwestern, akaacha masomo kwa kukosa fedha. Hilo la kukatizwa masomo ndilo la kukumbuka, maana yote yaliyofuata yalitokana nalo.

Mwaka 1916 alishinda US Open, mashindano ya wazi ya Marekani, katika uwanja wa Minikahda, Minneapolis, kwa mikwaju 286. Rekodi hiyo ilidumu miaka 20. Mkobani alikuwa na fimbo saba tu zenye mipini ya mti, wakati kanuni za leo zinaruhusu 14. Mwaka huohuo akashinda US Amateur, mashindano ya wachezaji wa ridhaa, kule Merion. Hadi leo ni yeye na Bobby Jones, mwaka 1930, pekee waliowahi kutwaa mataji hayo mawili ndani ya mwaka mmoja.

Evans alikuwa mchezaji wa ridhaa, kwa hiyo ushindi haukumpa fedha za zawadi. Aliendelea kuwa wa ridhaa maisha yake yote, na kwa miaka mingi riziki yake ilitoka kwenye biashara ya maziwa.

Dhana: "Alikuwa na fedha mkononi, akaamua kuzigawa"

Hapa hadithi inayosimuliwa huruka kiungo muhimu. Baada ya kupata umaarufu, Evans alirekodi masomo ya gofu kwenye santuri za kampuni ya Brunswick, na malipo yakaanza kuingia. Tatizo ni kwamba mchezaji wa ridhaa aliyepokea fedha kwa jina lake la gofu aliweza kuvuliwa hadhi hiyo, na chama cha gofu cha Marekani hakikuwa na mzaha. Francis Ouimet, kijana aliyewahi kuwa kedi na kushinda US Open ya 1913 huko Brookline akiwa na kedi wa miaka 10 pembeni yake, alivuliwa uridhaa mwaka 1916 kwa sababu tu alikuwa na biashara ya vifaa vya michezo. Western Golf Association ilipinga uamuzi huo waziwazi, na Ouimet akacheza Western Amateur ya 1917 na kuishinda. Hadhi yake ilirejeshwa mwaka 1918.

Kwa hiyo Evans alijua hatari ilipo. Fedha za santuri hakuzigusa, aliziacha ziwekwe amana. Wazo la kuzitumia kusomesha wabeba mikoba lilitoka kwa mama yake, na Evans mwenyewe alilirudia jambo hilo kila alipoulizwa. Akawaomba Western Golf Association wausimamie mfuko huo. Mwaka 1930 vijana wawili wa kwanza waliingia Northwestern, chuo kilekile alichoshindwa kukimaliza.

Tungependa kila kamati ya gofu ya hisani ijifunze utaratibu huo. Mwenye jina hakuwa mweka hazina. Fedha zilikuwa mikononi mwa chombo kingine chenye kumbukumbu na vikao, na lengo lake lilikuwa limeandikwa kabla senti ya kwanza haijatoka.

Dhana: "Ufadhili ni wa vijana wanaocheza gofu vizuri"

Dhana hii inawanyima vijana wengi fursa, kwa hiyo tuseme wazi: hakuna anayeulizwa anapiga mikwaju mingapi. Mwombaji anatazamwa kwa mambo manne: amebeba mikoba kwa bidii angalau miaka miwili, alama zake za shule ni za juu, familia yake haina uwezo wa kulipa, na tabia yake inathibitishwa na watu wanaomfahamu. Wanaofika hatua ya mwisho wanaitwa kusailiwa mbele ya kamati. Anayepita analipiwa karo na malazi, na ufadhili unaweza kuendelea hadi miaka minne mradi alama zake zisishuke.

Makosa ya waombaji yanajulikana. Wengi huanza kubeba mikoba wakiwa wamechelewa, na miaka miwili haitimii kabla ya kumaliza shule. Wengine hawaweki kumbukumbu za siku walizofanya kazi, kisha klabu ikibadilisha msimamizi hakuna wa kuwatolea ushahidi. Daftari dogo la tarehe, na jina la mchezaji uliyembebea siku ile, linamaliza shida hiyo.

Dhana: "Ni undugu wa siri wa wenye nacho"

Undugu upo, ila uko wapi? Katika vyuo vikuu kadhaa wanafunzi hawa huishi pamoja katika nyumba ya mfuko. Ya kwanza ilifunguliwa Evanston mwaka 1940. Wanajiongoza wenyewe, wanagawana kazi za nyumba, na wakubwa wanawasimamia wadogo katika masomo. Wakihitimu wanakuwa wachangiaji. Mnyororo huo wa waliosaidiwa kuwasaidia wanaofuata umeufanya mfuko uvuke vita na misukosuko ya uchumi. Fikiria kwamba ulizaliwa wakati Mdororo Mkuu, lile anguko la uchumi la miaka ya 1930, ndio kwanza unaanza.

Ouimet naye ana mfuko wake Massachusetts tangu 1949, kwa vijana wanaofanya kazi katika viwanja vya gofu.

Dhana: "Ada za wachezaji ndizo zinazoleta fedha"

Hii ndiyo dhana inayozitia kamati hasara kuliko zote. Chukua mfano wa hesabu. Wachezaji 144 wanalipa dola 200 kila mmoja: dola 28,800. Inasikika nyingi. Sasa toa ada ya kiwanja, vigari, kifungua kinywa na chakula cha jioni, tuseme dola 110 kwa kichwa: dola 15,840 zimekwenda. Zimebaki 12,960. Toa zawadi, mabango, bima na uchapaji, tuseme 2,960. Baada ya miezi ya maandalizi una dola 10,000.

Linganisha na wadhamini wa mashimo. Mashimo 18, kila moja likidhaminiwa kwa dola 500, ni dola 9,000, na gharama yake ni kibao kilichochomekwa kwenye nyasi. Ukiongeza mnada wa jioni, utaona kwamba mchezo wenyewe ni njia ya kuwakusanya watu. Fedha za hisani hutoka kwa wadhamini na mezani. Anayeanza kwa kutafuta wachezaji kabla ya wadhamini ameanzia mwisho.

Mfuko wa Evans umejengwa kwa matawi kadhaa ya mapato: michango ya kila mwaka ya wanachama wa klabu, ya wahitimu, na mapato ya mashindano makubwa. Western Open, iliyochezwa mara ya kwanza mwaka 1899, iligeuka BMW Championship mwaka 2007, na faida yake huenda kwenye mfuko. Mchango mdogo unaorudi kila mwaka ndio unaomwezesha msimamizi kumwahidi kijana miaka minne. Fedha za siku moja haziwezi kutoa ahadi hiyo.

Dhana: "Wachezaji wakiwa wengi zaidi, fedha zinaongezeka"

Zinaongezeka hadi kiwanja kikisongamana, kisha zinapungua. Mashindano haya kwa kawaida huanza kwa pamoja, kila timu ya watu wanne ikiwa kwenye shimo lake. Ukiweka timu mbili kila shimo unapata timu 36, ndiyo wale 144. Lakini viwanja vingi vina mashimo manne ya par 3, yaani mafupi yanayotarajiwa kumalizwa kwa mikwaju mitatu, ambayo timu inayofuata haiwezi kupiga hadi waliotangulia waondoke kwenye nyasi za shimo. Weka timu mbili hapo na foleni inaanza hapohapo na kuenea kiwanja kizima. Weka timu moja kwenye kila par 3 na mbili kwenye mashimo 14 yaliyobaki: timu 32, watu 128.

Umepoteza ada za watu 16. Ulichopata ni mchezo unaoisha mapema, na watu waliobaki mezani mnada unapoanza. Mchezaji aliyekaa juani saa sita huchukua mkoba wake na kwenda nyumbani.

Dhana: "Ada yote unayolipa inakatwa kwenye kodi"

Kwa sheria ya Marekani, kinachohesabiwa kuwa mchango ni kile kilichozidi thamani ya ulichopokea. Katika mfano wetu, dola 200 kutoa 110 ni dola 90. Malipo yakizidi dola 75 na mlipaji akapata kitu badala yake, taasisi inapaswa kumpa maandishi yanayoonyesha thamani hiyo. Tiketi ya bahati nasibu haihesabiwi kuwa mchango hata kidogo.

Dhana: "Gari la zawadi pale shimoni limetolewa na muuzaji"

Mara nyingi muuzaji ameleta gari kulionyesha tu, na akitokea mtu akaingiza mpira kwa mkwaju mmoja, anayelipa ni kampuni ya bima. Kwa mchezaji wa kawaida uwezekano unaonukuliwa sana ni mmoja kati ya 12,500, ndiyo maana bima yenyewe ni nafuu. Taabu ni masharti. Mkataba hutaja idadi ya wachezaji, umbali wa chini wa shimo, na mashahidi wanaotakiwa kuwepo.

Hebu tusimame kwenye shimo lenyewe saa moja asubuhi. Mkataba unasema yadi 165, karibu mita 151. Mfanyakazi wa kiwanja anakuja kukata nyasi, anang'oa zile alama mbili za rangi mahali pa kuanzia, anakata, kisha anazirudisha hatua nne mbele, pale penye nyasi zisizokanyagwa. Amefanya kazi yake vizuri kabisa. Lakini shimo sasa ni yadi 161, na mtu akiingiza mpira mchana, bima ina haki ya kukataa. Kwa hiyo pima kwa kifaa cha leza baada ya nyasi kukatwa, piga picha ya kipimo, na umweke shahidi asiyecheza kuanzia timu ya kwanza hadi ya mwisho. Na kama wachezaji wameongezeka kutoka 120 hadi 128, mpigie simu wakala kabla ya mchezo kuanza.

Dhana: "Ukipokea zawadi hiyo unapoteza uridhaa, kama Ouimet"

Kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2022 ni rahisi kuliko zile za enzi ya Evans. Katika mashindano ya kuhesabu mikwaju halisi, mchezaji wa ridhaa anaweza kupokea hata fedha taslimu, mradi zisizidi dola 1,000 au pauni 700. Katika mashindano ya handikapu, ambapo mchezaji hupunguziwa mikwaju kulingana na uwezo wake, fedha taslimu haziruhusiwi, ila zawadi nyingine zinaruhusiwa hadi kiwango hichohicho. Zawadi ya kuingiza mpira kwa mkwaju mmoja haina kikomo, iwapo ndani ya mashindano shimo hilo lina urefu wa yadi 50 au zaidi. Zawadi ya shindano la kupiga mbali nayo haina kikomo, shindano hilo likifanyika peke yake. Likiwa sehemu ya raundi ya mashindano, zawadi yake inaingia kwenye kile kiwango cha dola 1,000. Waandaaji waandike hayo kwenye karatasi ya masharti inayogawiwa pamoja na kadi za alama, ili mshindi asikatae gari kwa hofu wala asipokee bahasha ambayo hakustahili.